Bakuli Nililorudisha Ng'ambo

Mwaka jana nilirudi Kindu, mji wetu wa kando ya mto Lualaba, nikafikia mtaa wa Mikelenge kwa watu wa ukoo wa baba. Jumapili ya kwanza nikaikuta nyumba nzima iko mbioni, maana binti yao mdogo alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Mama yake anampaka mafuta miguuni, shangazi anapiga pasi gauni jeupe, uani wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na kucheka. Yule mtoto akanigeukia, akaniuliza kama nami nilifurahi namna ile siku yangu ilipofika. Nikamwambia ndiyo, nilifurahi sana. Na kweli nilifurahi, ndugu yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba siku ile nilifurahi.

Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi watoto tulimwita Koko. Mama alikufa akinizaa, na baba alikuwa akifanya kazi katika meli zinazoshuka kwenda Ponthierville, hivi kwamba tulimwona kama mgeni, na vitu vyake vya mgeni: sabuni, samaki wa kukaushwa, kitambaa cha Koko. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, lakini Koko aliufagia uwanja wake mpaka ukang'aa. Asubuhi honi ya gari la moshi ikilia stesheni, sisi tulikuwa tumeshateka maji. Kazi yangu kubwa ilikuwa mpunga. Nilikuwa nauanika juu ya mikeka, nakaa pembeni na fimbo kufukuza kuku, na Koko ananifundisha maswali ya katekisimu huku anapepeta. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Alikuwa ameyashika yote kwa masikio.

Upande wa pili wa Lualaba, kule Alunguli, alikaa dada yake mkubwa. Huyo tulimwita Koko wa ng'ambo. Walizaliwa tumbo moja, lakini mkubwa aliolewa na Mwislamu wa ukoo wa waungwana, ndivyo tulivyowaita Waislamu wa kwetu, akafuata dini ya mumewe. Mdogo aliolewa na fundi wa reli aliyekuwa anasoma kwa mapadri, akabatizwa pamoja naye. Sikumbuki kuwasikia hata mara moja wakigombana juu ya jambo hilo. Krismasi ikifika, Koko wa ng'ambo alivuka na ndizi na kuku hai, akakaa nje ya kanisa chini ya ukuta, akatungoja misa iishe. Mwezi wa kufunga, Koko hakupika mchana siku ambazo dada yake alikuja kututembelea. Alisema hawezi kumwekea mtu harufu ya chungu puani hali amefunga. Alikuwa na neno lake: "Mugeni wa Mungu usimukanyage kivuli."

Nilipokuwa na miaka kama tisa nilishikwa na surua. Watoto wengi wa mtaa wetu walikwenda mwaka ule. Tulikuwa tunasikia vilio mara nyumba hii, mara ile. Macho yangu yalifunga, nikawa sijui mchana wala usiku. Koko alikwenda misioni kuniombea, na dada yake akavuka mto akaja kukaa kwenye mkeka wangu. Alinipangusa kwa majani yaliyochemshwa, akaninywesha uji wa mchele kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Alimwambia Mungu kwamba nikipona atachinja mbuzi wake wa pekee, amshukuru, na nyama ailete nile kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Sikuwa na macho, lakini masikio nilikuwa nayo.

Nikapona. Mbuzi yule akaachwa kwanza azae, maana alikuwa na mimba, na mimi nikarudi kwenye mafundisho ya komunyo.

Aliyetufundisha alikuwa katekista aliyetoka upande wa Obokote, msituni kule, ambako Waislamu alikuwa amewasikia katika hadithi tu. Sitaki umchukie. Alikuwa mtu wa bidii. Ndiye aliyenifundisha herufi, na siku moja alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni mpaka zahanati ya misioni, mvua inanyesha. Lakini alikuwa mwoga wa makosa, na mtu mwoga wa makosa huona makosa kila mahali. Siku kumi kabla ya sikukuu yetu, alituuliza nani ana ndugu Waislamu. Tuliinua mikono, mimi na wengine watatu. Akasema anayekula nyama ya sadaka yao amekaa kwenye meza mbili, na jina lake halitasomwa kanisani kati ya wanaopokea Jumapili ile. Alinitazama mimi kuliko wengine. Gauni langu lilikuwa limekwisha shonwa na masista, linaning'inia ukutani kwetu, limefunikwa kwa kanga isipate moshi.

Jumamosi iliyofuata, siku nane kabla ya sikukuu, saa sita mchana akaja mkwe wa Koko wa ng'ambo, amebeba bakuli la bati lenye mfuniko, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Alisema ndani mna wali wa mpunga mpya chini, nyama ya mbuzi juu, mawese mekundu yamejaa pembeni. Akaongeza kwamba nadhiri imetimia, na kwamba mama mkwe wake anasema mtoto aanze yeye. Akaaga, akaondoka kuwahi mtumbwi.

Nilimwambia Koko maneno ya katekista. Alikuwa hajayasikia. Aliliweka bakuli juu ya rafu, akakaa. Halafu akanisemesha kama mtu anavyosemesha mtu mzima mwenzake.

"Mimi roho yangu haioni kosa," alisema. "Ile mbuzi walichinja juu ya kumushukuru Mungu, na Mungu iko moja. Lakini mimi sikusoma, pengine ninakosa. Na wewe, roho yako inasema nini?"

Nikamjibu mwalimu anasema ni dhambi.

"Mwalimu nimesikia. Ninauliza wewe."

Nikageuka nikalitazama gauni langu ukutani. Koko akasema basi, ukila na mashaka hata chumvi inakuwa dhambi. Kwa hiyo mimi nisile, na yeye hatakula mbele yangu, asije akanikwaza. Padri alikuwa safarini vijijini, upande wa mahali paitwapo Kama, angerudi Jumatatu. Angemwuliza. Nyama angeikausha juu ya moto, ingengoja. Akachukua kikapu chake akaenda shambani kuchuma majani ya muhogo.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijapata kumwambia padri yeyote, na nimeungama mengi. Aliponiuliza roho yangu inasema nini, nilikuwa na jibu. Roho yangu ilikuwa inasema kula. Haikusema kwa tamaa, ingawa harufu ile ilikuwa imejaa nyumba. Ilisema kwa utulivu, kama mtu anayejua njia ya kwao: hii ni nyama ya uzima wako, kula, ushukuru. Nilisikia vizuri kama nilivyosikia ile nadhiri. Lakini niliogopa jina langu lisisomwe. Nikaona bakuli likikaa mle ndani mpaka Jumatatu, mtu ataliona, mwalimu atapata habari. Nikalishusha, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda nalo mtoni.

Mvuvi wa Kigenya, kabila la watu wa mtoni, aliyekuwa akituvusha siku zote alinipakia bila kuuliza. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Nilipakata bakuli magotini, na joto lake likanipita nguoni. Tulipogusa ukingo nikasimama kwenye tope. Ile sauti ikaniambia rudi, bado mapema. Nikaanza kusema majibu ya katekisimu kwa nguvu, moja baada ya jingine, mpaka nikawa siisikii tena. Hivyo ndivyo nilivyopanda kile kilima cha Alunguli, mtoto wa miaka tisa, naikimbia roho yangu kwa maneno matakatifu.

Koko wa ng'ambo alikuwa uani kwenye mkeka pamoja na wanawake wa jirani waliokuja kula shughuli ile. Waliponiona walishangilia, mmoja akasema huyu njo mutoto wa nadhiri, ndiye yule, apite tumuone. Nikaliweka bakuli mbele yake, nikasema kama nilivyokuwa nimepanga njia nzima:

"Sisi Wakristo hatukuli nyama ya sadaka yenu."

Mwanamke mmoja akaacha kutafuna. Koko wa ng'ambo alilitazama lile fundo la kitambaa, bado limefungwa kama alivyolifunga mwenyewe. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi. Akasema asante. Akaniambia jua ni kali, ninywe maji, akanipa kwenye kata, nikanywa. Kisha akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa sioni, kupima kama homa imerudi. Nikaondoka mbio.

Nilimngoja Koko kwa fahari. Alipoingia na kikapu, akatazama rafu, nikamwambia nimelirudisha. Akaniuliza nilisema nini. Nikamrudia neno kwa neno. Akauliza mbele ya nani. Nikamwambia mbele ya wanawake. Koko alikaa chini bila kutua kikapu, majani yakamwagika mapajani mwake, hakuyaokota. Hakunipiga, hakunigombeza. Mpaka leo natamani angenipiga.

Jumatatu padri akarudi, Koko akaenda kumwuliza, nami nikamfuata. Padri alikuwa Mbelgiji mzee, mwenye ndevu na Kiswahili cha zamani. Alisikiliza yote, akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema chakula kilichotolewa kwa shukrani na ndugu hakimchafui mtu, kwamba katika mambo kama hayo kila mtu afuate dhamiri yake mbele ya Mungu, na kwamba yeye mwenyewe amekula kwa waungwana mara nyingi. Koko akamwomba aseme hivyo kwa katekista, na kanisani. Padri akajikuna ndevu. Akasema atazungumza na katekista faraghani, maana si vizuri kumwaibisha mbele ya watoto wake. Sijui kama alizungumza. Katika darasa la Jumatano katekista alinisimamisha mbele ya wote, akasema tazameni huyu, alipewa nyama ya sadaka akairudisha. Watoto wakanipigia makofi.

Siku iliyofuata mazungumzo yake na padri, Koko alivuka mto. Dada yake alimtandikia mkeka, akamwuliza habari za nyumbani, akampa maji. Saa za kula zikafika, zikapita. Koko akamweleza yote, akamwambia mutoto hakutumwa, akamwambia padri mwenyewe amesema hakuna kosa.

"Mudogo wangu, sina kasirani," Koko wa ng'ambo alimjibu. "Ukuje siku yote unataka. Maji nitakupa. Lakini chungu yangu haitakuchafua tena."

Maneno haya Koko alinisimulia baadaye, mara moja tu. Alisema laiti dada yake angetukana, wangegombana, wangelia, yangekwisha. Lakini alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa ukuta.

Jumapili ikafika. Nilivaa gauni langu, nikashika mshumaa, jina langu likasomwa la tatu. Kanisa lilijaa, ngoma zikapigwa taratibu, na wazazi wakaitwa kupokea pamoja na watoto wao. Nikageuka kumtafuta Koko. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mikono mapajani. Wote waliinuka, yeye hakuinuka. Nilidhani hakusikia. Nikapokea peke yangu, katikati ya watoto wenye mama zao.

Wanawake walisema njiani kwamba kumbe bibi alikula ile nyama kabla mjukuu hajairudisha, sasa anaogopa. Aliwasikia. Aliwaacha waseme. Nyumbani nilimwuliza sababu, akaniambia amesikia kanisani kwamba anayeleta sadaka yake hali ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende wapatane. Yeye alikuwa amekwenda kwa yaya wake, yaani dada yake mkubwa, na bado hawajapatana. Padri akamwita, akamwambia anaweza kupokea, kwamba amefanya upande wake, hana dhambi. Koko akamshukuru, akasema, "Padri, unajua vitabu. Mimi ninajua yaya." Na Jumapili iliyofuata akakaa tena kwenye benchi.

Akakaa hivyo miaka. Hakukosa misa hata moja. Alitwanga, alipika, aliimba kwaya, alifagia kanisa zamu yake ilipofika, lakini watu walipoinuka kwenda kupokea yeye alipisha magoti wapite. Na kila mwezi alivuka kwenda ng'ambo, akapewa mkeka na maji, akarudi. Mimi sikuvuka naye tena. Nilisema nina masomo.

Baadaye mtoto wa Koko wa ng'ambo akahamishwa kikazi Kibombo, naye mama yake akamfuata. Hawakuagana ipasavyo, Koko alipata habari gari limekwisha ondoka. Msimu wa mvua ukapita, tukaletewa habari na mfanyakazi wa reli kwamba Koko wa ng'ambo anaumwa tumbo, hali chakula, na kwamba amemtaja mdogo wake. Amemtaja kwa jina lake la utotoni. Koko akafunga nguo zake siku ileile. Lakini wakati ule wa Wabelgiji hukuweza kuondoka tu kama unavyoondoka leo. Ilitakiwa karatasi ya ruhusa. Karani akamwambia rudi kesho. Kesho yake akaambiwa bwana mkubwa hajatia sahihi. Alikaa kwenye ngazi za ofisi ile siku nane, ana kifurushi cha nguo na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Siku ya tisa karatasi ikatoka, na mfanyakazi yuleyule wa reli akaja kutuambia wameshazika.

Alikwenda hivyohivyo. Wakamwonyesha tuta la udongo, na wanawake wa Kibombo wakampa chakula, akala chote.

Nilipofika umri wa kuelewa, kama miaka kumi na sita, nilipiga magoti mbele yake jikoni nikamwomba msamaha. Nilitaka kumwambia habari za ile sauti niliyoizima kwa katekisimu. Nilisema tu nisamehe. Aliendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema:

"Wewe ulikuwa mutoto. Mimi njo nilikuwa mukubwa. Roho yangu iliniambia tukule, nikaweka bakuli kwenye rafu ingoje padri. Ile shaka haikuwa yangu, mwanangu. Niliiazima kwa mwalimu."

Alikufa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Padri mwingine, kijana, alimletea mafuta matakatifu na komunyo. Mafuta alikubali, akanyoosha viganja mwenyewe. Komunyo akatikisa kichwa. Padri akambembeleza, akamwambia Mungu ameshasamehe yote. Koko akasema polepole kwamba Mungu amesamehe, yeye anajua, lakini atapokea akishamwona yaya. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Katekista alikuja mazishini, mzee sasa, akanishika mkono, akauliza kwa nini mama yule wa sala alikuwa hapokei. Nikamweleza. Alisikiliza kwa huruma, akasema ni jambo la kusikitisha. Kuhusu ile nyama na lile onyo lake darasani, hakukumbuka chochote.

Hayo yote yamekwenda, pamoja na watu wake. Mwaka jana, baada ya sherehe ya yule mtoto, nilivuka kwenda Alunguli kwa mtumbwi wenye mashine. Kilima kimejengwa nyumba za matofali, bandari ndogo ya Mgenya wetu imeliwa na maji. Nilizunguka mpaka nikampata mwanamke mmoja mzee amekaa kibarazani, nikamtajia ule ukoo. Akasema anawakumbuka, wametawanyika, wengine Kibombo, wengine Kisangani, mjukuu mmoja yuko papa hapa anauza unga sokoni, nikitaka ataniitia. Akanitazama sana usoni, kama anatafuta kitu anachokijua. Akaniuliza mimi ni nani wao.

Ndugu yangu, nina zaidi ya miaka themanini. Ile sauti nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka tisa, na pale kibarazani ikasema, kwa utulivu uleule: sema, ni damu yako. Nikafungua kinywa.

"Hapana," nikasema, "tulikuwa majirani tu."